Kicheza muziki kwa asiyeona: maswali ninayoulizwa mara kwa mara hapa Mwanza

Sioni tangu nikiwa na miaka minne. Naishi Igoma, na kwa muda mrefu sasa nimekuwa mtu wa kupigiwa simu: "Nataka kumnunulia kaka yangu kitu cha kusikilizia nyimbo, haoni, nichukue kipi?" Wanaouliza ni wake, waume, watoto, walimu, na mara nyingi zaidi wasioona wenyewe waliochoka kuita mtu kila wimbo unapoisha. Majibu niliyoyarudia sana nimeyaweka hapa. Nikisema kifaa kinafaa nina maana moja tu: asiyeona anaweza kukiwasha, kuufikia wimbo anaoutaka na kukizima peke yake, hata usiku wa manane, bila kumwamsha mtu.

Nikifika dukani nianzie wapi?

Anzia kwenye vidole, sauti ije baadaye. Mwombe muuzaji akupe kifaa kikiwa kimezimwa ukipapase taratibu. Vitufe vimetokeza au vimelala sawasawa na uso wa kifaa? Kidole kinapata nafasi kati ya kimoja na kingine? Kitufe cha kuchezesha na kusimamisha kina umbo lake, au vyote vinafanana? Kwa kuwasha, mimi napenda sana swichi ya kusukuma, kwa sababu mkono wenyewe unajua kama kifaa kimewaka au kimezimwa. Kitufe cha kubonyeza na kushikilia hakikwambii kitu, na asubuhi unakuta chaji imekwisha.

Kisha chomeka memori kadi yako mwenyewe, yenye nyimbo ambazo mpangilio wake unaujua kichwani. Usikubali ya dukani. Ruka mbele nyimbo tatu, rudi nyuma moja, pandisha sauti hadi mwisho, kizime, kiwashe tena. Kimeendelea pale kilipoachia, au kimerudi wimbo wa kwanza? Hili la mwisho ndilo linalowatesa wengi, hasa wanaosikiliza mahubiri au mawaidha ya saa nzima.

Kama duka liko Makoroboi au jirani na stendi, sabufa za nje zitakuzuia kusikia milio midogo ya kifaa. Omba mwingie ndani kabisa. Na usikubali kujaribiwa kifaa kikiwa mkononi mwa mtu mwingine. Niliwahi kununua hivyo. Muuzaji alikuwa mtu mwema, akabonyeza yeye, nyimbo zikaita vizuri, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba nilichodhani ni vitufe ilikuwa michoro kwenye kioo cha kugusa. Kifaa kile kilikaa kabatini hadi nilipompa mpwa wangu, ambaye anaona.

Simu janja ninayo tayari. Kwa nini ninunue kitu kingine?

Pengine huhitaji. Simu za Android zina TalkBack, kisoma skrini kinachotamka kila unachogusa, nacho unakikuta kwenye mipangilio ya ufikivu. iPhone imekuwa na cha kwake, VoiceOver, tangu 2009. Kwenye Android chagua sauti ya Kiswahili ya Google, au weka eSpeak NG, ambayo nayo inasoma Kiswahili, na majina ya nyimbo yatasomeka yakaeleweka. Jambo hili si dogo. Sauti ya Kiingereza ikikutana na jina la mwimbaji wa Kisukuma inalitafuna hadi mwenye jina mwenyewe asingeitika. Kwa programu ya kuchezea, VLC ni ya bure, haina matangazo, na inakuruhusu kuingia folda moja moja.

Lakini fikiria mikono yako inafanya kazi gani. Mama mmoja wa Mwaloni, anayeuza samaki na haoni vizuri, aliniambia simu yake haimsikii kuanzia alfajiri hadi saa tano, kwa sababu vidole vina maji na magamba muda wote. Kitufe cha kubonyeza hakijali hayo. Tena simu ni mali. Kuitoa mfukoni kwenye daladala iliyojaa, wakati huoni nani amesimama karibu yako, ni kuuliza matatizo. Na kuna hili la TalkBack kuongea juu ya wimbo: unatafuta unaofuata, na yeye anakusomea skrini nzima wakati mpiga solo ndiyo kwanza ameingia. Simu yangu naiachia mawasiliano na kusoma. Muziki nimeutafutia kifaa chake.

Kitochi kinafaa?

Kinafaa kuliko watu wanavyodhani, ilimradi kina nafasi ya memori kadi. Menyu yake haisemi, lakini haihami. Ukishahesabu kwamba muziki uko hatua fulani chini na moja kulia, hesabu hiyo itakutumikia mwaka mzima. Baadhi hutamka namba unapozibonyeza, na hilo linasaidia kujua kama umefika kwenye kitufe sahihi. Kabla ya kulipa jaribu jambo moja: ingia kwenye menyu, toka, ingia tena. Zipo simu zinazoanza pale ulipoishia mara iliyopita badala ya mwanzo. Hizo ziache, kwani hesabu yako itakuwa inavurugika kila siku.

Na hizi redio ndogo za flash na memori kadi?

Kwa mtu wa kipato cha kawaida, hapa ndipo ninapowapeleka wengi. Ila si zote. Tafuta yenye vitufe vya namba, sifuri hadi tisa, vilivyopangwa kama vya simu. Kwenye redio hizo unabonyeza 2 kisha 7 na wimbo wa 27 unaanza. Kwa anayeona ni urahisi kidogo tu. Kwa asiyeona ni tofauti kati ya kuufuata wimbo nyumbani kwake na kukaa barabarani ukisubiri upite.

Uliza pia inatumia betri gani. Nyingi zinatumia BL-5C, ile bapa ya simu za zamani za Nokia, na hiyo kila fundi simu anayo. Unaweza kuwa na mbili, moja ndani na moja mfukoni. Betri iliyofungiwa ndani ikichoka, redio nzima imechoka. Redio ya FM nayo ipo, kwa hiyo Redio Free Africa unaipata hapo hapo. Zile ndogo zisizo na antena hutumia waya wa hedifoni kuwa antena, hivyo zikikwaruza chomeka waya kwanza kabla ya kuzilaumu.

Kasoro yake kubwa ni kitufe kimoja kupewa kazi mbili. Ukikigusa tu kinaruka wimbo, ukikishikilia kinapandisha sauti, na kwenye redio nyingine ni kinyume chake. Utajifunza, lakini jifunze redio moja na ubaki nayo. Kuna pia kitufe kinachozungusha kati ya Bluetooth, kadi, flash na redio. Nunua ile inayotamka imefika wapi, hata kama inatamka kwa Kiingereza cha kukwaruza.

Nina kwaya, dansi, taarabu na ngoma za nyumbani kwenye kadi moja. Kifaa hakisemi. Nitajuaje niko wapi?

Utakifundisha kusema. Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu jibu lake halihitaji pesa.

Rekodi sauti fupi, sekunde tatu au nne: "Hapa ni kwaya." Ipe jina linaloanza na 000 na uiweke ndani ya folda ya kwaya iwe faili la kwanza kabisa. Fanya hivyo kwa kila folda. Sasa ukiwa unaruka folda, kila unapoingia unapokelewa na sauti inayokuambia umeingia wapi. Kama redio yako ina vitufe vya namba, ongeza faili moja mwanzoni mwa kadi yote, nalo liwe orodha: "Kwaya ni 2 hadi 31. Dansi ni 32 hadi 60." Ukipotea, bonyeza 1 na usikilize. Kumbuka tu kwamba kila alama uliyorekodi inahesabiwa kama wimbo, kwa hiyo ihesabu na wewe unapopanga.

Kuna mtego mmoja. Kinasa sauti cha simu mara nyingi huhifadhi kwa mtindo wa m4a, amr au 3gp, na redio hizi nyingi zinaelewa MP3 na WAV tu. Usipobadilisha, redio italiruka faili lako kimya kimya na hesabu yote itapinda. Kwenye kompyuta, Audacity ni ya bure na inahifadhi kwa MP3. Inafanya kazi kwa kibodi pamoja na NVDA, kisoma skrini cha Windows ambacho pia ni cha bure, kwa hiyo asiyeona anaweza kuifanya kazi hii mwenyewe mwanzo hadi mwisho.

Tumia sauti ya mtu unayempenda. Za kwangu alizisema bibi yangu, kwa Kisukuma, jioni moja tukiwa tumekaa uani, na kuku wanasikika nyuma yake. Bibi ametangulia mbele ya haki. Folda ya ngoma za Bugobogobo bado anaifungua yeye.

Nyimbo zangu zinajipanga ovyo, si kwa herufi wala kwa namba. Kifaa ni kibovu?

Hapana. Vifaa vingi vya bei ndogo havisomi majina kabisa, vinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye kadi. Ukibandika nyimbo 50 kwa mkupuo, kompyuta inaweza kuziandika kwa mpangilio wake. Dawa ni kuifuta kadi yote, kisha kuandika upya folda kwa folda, na ndani ya folda faili kwa faili kwa zamu, ukianza na alama yako ya 000. Inachosha, ndiyo. Kwangu ni kazi ya Jumapili moja mchana. Baada ya hapo ukitaka kuongeza nyimbo, ziongeze mwishoni, ukijua zitakaa mwishoni.

Vipo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wasioona hasa?

Vipo. Kinachojulikana zaidi ni Victor Reader Stream, cha kampuni ya HumanWare ya Kanada. Cha kwanza kilitoka 2007, cha pili 2013, cha tatu 2023. Kinaenea kiganjani, kina vitufe vya namba vya kushikika vizuri, na kila kitufe kinajieleza kwa sauti. Kitufe cha 5 kinakwambia uko wapi. Kinakumbuka mahali ulipoishia kwenye kila kitabu, unaweza kuweka alama katikati ya sura, na kinasoma vitabu vya DAISY, yaani vitabu vya sauti vilivyogawanywa kwa sura na kurasa ili mtu aruke anakotaka. Kukishika ni kuelewa mara moja kwamba aliyekitengeneza alituuliza kwanza.

Bei ndiyo kikwazo. Ni mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru, na kikiharibika fundi wa hapa hana vipuri vyake. Kwa mwanafunzi wa chuo au mtu anayesoma vitabu vingi, nasema ndugu wachangishane, inastahili. Kwa anayetaka nyimbo tu, pesa hiyo inanunua redio nzuri, kadi, betri za akiba na mengine mengi yabaki.

Nimeona iPod za mtumba. Nichukue?

Inategemea ipi. iPod shuffle ya mwaka 2010 ni ndogo kama kisanduku cha kiberiti, ina vitufe vya kweli, na ina kitufe cha VoiceOver kinachotamka jina la wimbo. Ile iliyoitangulia, ya 2009, haina kitufe cha nyimbo mwilini mwake: kila kitu kiko kwenye waya wa hedifoni zake, na waya ukikatika umebaki na kipande cha chuma. Apple iliacha kuuza shuffle 2017, kwa hiyo yoyote utakayoikuta betri yake ni ya umri huo au zaidi. Tena inahitaji iTunes, programu ya Apple ya kwenye kompyuta, ili kuweka nyimbo, yaani huwezi kwenda nayo steshenari ukajaziwa.

Kwa anayependa kuchokonoa vifaa, ipo Rockbox. Hii ni programu huria, ya bure, inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani kwenye baadhi ya vicheza muziki vya zamani, zikiwemo iPod kadhaa na SanDisk Sansa Clip+ na Clip Zip. Ikishawekwa pamoja na faili lake la sauti, menyu zinatamkwa. Majina ya folda na nyimbo nayo yanaweza kutamkwa kutoka kwenye vipande vya sauti vilivyoandaliwa kwenye kompyuta. Ni akili ile ile ya alama zangu za 000, ila imefanywa kwa ufundi mkubwa zaidi. Ukiiona Clip+ mtumbani ikiwa nzima, inunue kwanza, maswali baadaye. Ila usinunue Clip Jam au Clip Sport ukidhani ni ile ile. Rockbox haiingii humo.

Memori kadi ya ukubwa gani inatosha?

Wimbo wa dakika nne wa MP3 wa ubora wa kawaida unakula kama MB 4. Kadi ya GB 8 inabeba nyimbo 2,000 hivi, na bila macho nyimbo 2,000 ni porini tayari. Usizidi GB 32, kwa sababu redio nyingi ndogo zinasoma mfumo wa FAT32 tu, yaani namna moja ya kadi kupanga mafaili, na kadi kubwa zaidi hutoka kiwandani zikiwa na mfumo mwingine.

Ogopa kadi za bandia. Imeandikwa 64, ndani ina 8, na nyimbo za mwisho zinakwama au zinatoa mlio mtupu. Kwenye Windows kuna programu ya bure, H2testw, inayoijaza kadi na kukwambia ukweli wake. Kama huna kompyuta, ijaze nyimbo hadi pomoni na usikilize zile za mwisho kabla siku ya kurudisha haijapita.

Kuichomeka bila kuona: upande wenye maandishi una kinundu chembamba kwenye ukingo wa nyuma, kucha inakipata. Ukijua kinundu kinatakiwa kuwa juu au chini kwenye redio yako, hutalazimisha tena.

Tuko kisiwani na umeme si wa uhakika. Chaji je?

Chagua kifaa kinachochajiwa kwa USB, kwani hiyo inakubali pawabanki na hata taa za sola zenye tundu la kuchajia simu. Ukiweza kupata chenye USB-C, kichukue. Inaingia upande wowote, wakati ile ndogo ya zamani ina juu na chini, na asiyeona akiilazimisha usiku anaivunja. Kama umeshanunua yenye ile ya zamani, weka tone la rangi ya kucha kwenye kichwa cha waya upande wa juu, liache likauke, urudie tone la pili. Utalisikia kwa kidole gumba. Mtu wa Ukerewe aniulizaye kuhusu unyevu namwambia hivyo hivyo kila mara: kwenye meli ya Nansio kifaa kikae ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, na wala kisikae mfuko wa juu wa shati.

Naweza kutembea nikisikiliza?

Nakuomba usizibe masikio yote mawili. Masikio ndiyo macho yetu barabarani, na bodaboda haipigi honi kila mara. Zipo hedifoni zinazokaa kwenye mfupa mbele ya sikio na kuacha tundu wazi. Zinafaa sana, japo bei yake imepanda. Usipozipata, sikio moja tu, lile lisilo upande wa barabara, na sauti ya chini. Unapovuka, zima kabisa. Wimbo utakungoja.

Nataka vitabu pia, si nyimbo tu.

Basi kigezo chako cha kwanza ni kifaa kukumbuka kilipoishia. Kikishindwa hapo, usiendelee kukikagua. Zaidi ya hapo, fahamu kwamba kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao 2020, uliowekwa ili vitabu viweze kugeuzwa kuwa sauti au nukta nundu kwa ajili yetu bila kuomba kwanza ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ukiwa shuleni au chuoni, utaje unapoomba kitabu. Wengi wanaotunyima hawajawahi kuusikia.

Baba yangu ana miaka zaidi ya 80, macho yamekwisha, na hajawahi kushika simu. Atamudu?

Atamudu, ukimpunguzia. Mnunulie redio ya kadi yenye swichi ya kusukuma na vitufe vichache vikubwa. Vile asivyovihitaji vifunike kwa kipande cha plasta ngumu, abaki na vitatu: mbele, nyuma, kusimamisha. Kile cha kubadilisha kati ya Bluetooth na kadi ndicho cha kufunikwa kwanza, maana akikigusa kwa bahati mbaya redio inanyamaza na yeye atadhani ameiharibu. Usimwekee folda kumi. Weka moja, nyimbo 30 za ujana wake, zile alizochezea. Kabla ya wimbo wa kwanza rekodi sauti yako umsalimie kwa lugha aliyokulelea, umwambie redio iko sawa na abonyeze cha kulia. Kisha mkabidhi, kaa pembeni, na mikono yako iache mapajani. Atakosea mara mbili au tatu, na ya nne atapatia.